Kuweka lori lako chini ya kampuni Marekani: mambo ya kukagua kabla ya kutia saini

Kila mwezi napigiwa simu na kijana mmoja au wawili, Mkenya, Mkongomani, Mtanzania au Mrundi, ambaye amenunua lori na anataka kujua aliweke chini ya kampuni gani. Swali huwa lile lile: "Kaka, nani analipa asilimia kubwa?" Nami huuliza: "Karatasi ya malipo ya wiki umeiona?" Hapo simu inakuwa kimya. Ameshaongea na mwandikishaji mara nne, ametumiwa picha za malori yanayong'aa, ameahidiwa bonasi ya kujiunga. Lakini karatasi inayoonyesha dereva mwenzake alilipwa nini wiki iliyopita, na akakatwa nini, hajaiona hata moja.

Mwongozo huu ni wa huyo kijana. Namsemesha mwenye lori lake ambaye hataki, au hajawa tayari, kufungua othoriti yake mwenyewe, yaani kibali cha serikali cha kubeba mizigo ya watu, kwa hiyo anataka kufanya kazi chini ya nambari ya USDOT (nambari ya usajili wa kampuni za malori kwa serikali) na bima ya kampuni nyingine. Mimi nilianza na makontena ya bandari ya Mombasa, na hapa Marekani nimefanya kazi chini ya kampuni tatu. Moja iliniumiza, nitaieleza.

Kwanza nitenge jambo moja. Kama lori si lako, na kampuni ile ile itakayokupa mizigo ndiyo inayokukopesha lori na kukata deni kwenye malipo yako kila wiki, hayo ni mambo mengine kabisa. Mkopeshaji wako ndiye anayeamua utapata kazi kiasi gani ya kulipia mkopo. Bunge la Marekani liliagiza kiundwe kikosi maalumu cha kuchunguza mipango hiyo, na katika ripoti yake ya Januari 2025 kikosi hicho kilipendekeza ipigwe marufuku. Ukiletewa mpango wa namna hiyo, ukatae. Nunua lori kupitia benki au muuzaji asiyehusika na mizigo yako, hata likiwa la zamani kidogo, ndipo urudi hapa.

Hatua ya kwanza: jua lori lako linakula nini

Huwezi kupima ofa ya mtu kabla hujajua gharama yako kwa maili. Chukua kalamu. Upande mmoja andika vitu vinavyodai pesa hata lori likiwa limelala: mkopo, bima, namba za lori, maegesho, simu, na kodi ya barabara ya fomu 2290, ambayo ni dola 550 kwa mwaka kwa lori la uzito wa zaidi ya pauni 75,000. Upande wa pili andika vinavyoliwa na mwendo: dizeli, matairi, oili, matengenezo, ushuru wa barabara. Gawanya jumla ya mwezi kwa maili zote ulizoendesha, zenye mzigo na tupu. Wengi huhesabu maili zenye mzigo tu, halafu wanashangaa pesa zimekwenda wapi.

Taasisi ya utafiti ya ATRI ilikadiria kwamba mwaka 2023 kampuni za Marekani zilitumia wastani wa dola 2.27 kuendesha lori maili moja, mshahara wa dereva ukiwemo. Namba yako haitafanana na hiyo, lakini ukipata senti 90 na dizeli iko ndani, jua umesahau kitu. Mara nyingi kinachosahauliwa ni matengenezo.

Hatua ya pili: mzigo gani, barabara zipi, nyumbani lini

Hapa sitakaa sana. Trela ya boksi, ya friji, au ya wazi ya kufunga minyororo na turubai: kila moja ina malipo yake na mateso yake. Friji ina mizigo mwaka mzima, lakini utalala kwenye maghala ukisubiri kushushiwa. Trela ya wazi mara nyingi inalipa vizuri zaidi, nawe utapanda juu ya mzigo na turubai zito kwenye upepo wa Wyoming mwezi wa Januari.

Uliza kampuni mizigo yake inatoka wapi na kwenda wapi hasa. Ukiambiwa "majimbo yote 48," hujajibiwa. Kama familia yako iko Dallas na mizigo yao inazunguka Ohio na Pennsylvania, kila safari ya kurudi nyumbani utagharimia wewe.

California iangalie peke yake. Tangu 1 Januari 2023 lori zito la dizeli linalofanya kazi huko linatakiwa liwe na injini ya mwaka 2010 au baadaye. Na kama wewe mwenyewe unaishi California, sheria ya AB5 inafanya iwe vigumu kwa kampuni kukuhesabu kuwa mwenye biashara huru badala ya mwajiriwa, kwa hiyo baadhi ya kampuni hazichukui mwenye lori anayekaa huko. Uliza hilo siku ya kwanza, usipoteze wiki mbili.

Hatua ya tatu: ikague kampuni kabla haijakukagua

Watachunguza rekodi yako yote: ajali za miaka 5, ukaguzi wa barabarani wa miaka 3, vipimo vya dawa za kulevya. Nawe chunguza yao. Ni bure na hauchukui hata nusu saa.

Fungua tovuti ya SAFER ya FMCSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori, uweke nambari ya USDOT ya kampuni. Utaona idadi ya malori na madereva, ukaguzi wa miezi 24 iliyopita, ajali, na asilimia ya malori na madereva waliosimamishwa barabarani, pamoja na wastani wa taifa wa kulinganisha. Kama malori ya kampuni yanasimamishwa mara mbili ya wastani huo, wewe ndiye utakayelipia. Askari wa mizani huona alama za kampuni kabla hujasimama. Kampuni yenye alama mbaya huingizwa ukaguzini mara kwa mara, huku wenzako wakipewa taa ya kijani na kupita. Nusu saa moja kwenye mizani mara tatu kwa wiki ni mzigo mmoja umekukosa mwishoni mwa mwezi. Na madalali wakubwa, wanaounganisha wenye mizigo na wenye malori, hawaipi mizigo kampuni yenye daraja baya la usalama.

Tazama pia umri wa nambari yenyewe. Kampuni ikijitapa kwamba ina miaka kumi na mitano na nambari yake ina miezi minane, uliza kwa nini. Ziko kampuni zinazofungiwa kwa makosa, zikafunguliwa upya kwa jina jingine, anwani ile ile na malori yale yale. Hapa huitwa kampuni kinyonga.

Halafu bima. Sheria inaitaka kampuni inayobeba mizigo ya kawaida ya watu iwe na bima ya dhima, inayolipa hasara mnayowasababishia wengine, isiyopungua dola 750,000, ingawa madalali wengi hudai milioni 1. FMCSA huweka wazi jina la kampuni ya bima na tarehe ambazo bima ilifutwa. Kampuni ambayo bima yake inafutwa na kurudishwa kila baada ya miezi michache haina pesa, na siku bima itakapokatika wewe utakuwa katikati ya Nebraska na mzigo wa mtu mgongoni.

Jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Tangu 25 Juni 2025, dereva anayeshindwa kuelewana na mkaguzi kwa Kiingereza au kusoma alama za barabarani anaweza kusimamishwa papo hapo asiendeshe. Kampuni nzuri itakupima Kiingereza kabla ya kukuchukua. Usiudhike. Ile inayosema "usijali, tutakufundisha la kusema" inakupeleka kusimamishwa, na rekodi itabaki kwa jina lako.

Hatua ya nne: asilimia ya nini?

Hapa ndipo nilipoumia, na hapa ndipo nataka ukae.

Kampuni yangu ya kwanza iliniahidi asilimia 85. Nilifurahi. Baada ya miezi kama mitano, msaidizi wa dispacha, mpangaji wa mizigo ofisini, alinitumia kwenye simu karatasi ya mzigo wa kutoka Laredo kwenda Indianapolis, akakosea faili. Iliyonifikia ilikuwa ile iliyotoka kwa mwenye mzigo, na bei yake ilikuwa dola 2,900. Ijumaa, karatasi yangu ya malipo ilionyesha mzigo uleule kwa dola 2,350, nami nikapewa asilimia 85 ya hizo. Niliegesha nikazilinganisha mara tatu. Tarehe ile ile, nambari ya kupakilia ile ile, uzito ule ule.

Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mzigo ulipitia "upande wa udalali." Ofisi ile ile, mlango ule ule, kampuni mbili. Ya udalali ilichukua dola 550 kwanza, kisha ya malori ikanipa asilimia ya kilichobaki. Ukipiga hesabu, nilikuwa nalipwa chini kidogo ya asilimia 69 ya pesa ambazo mwenye mzigo alizitoa. Na walikuwa na mdomo wa kusema hawajanidanganya, kwa sababu mkataba ulisema asilimia 85 ya "mapato ya kampuni," nami sikuwa nimeuliza kampuni ipi.

Kwa hiyo uliza maswali haya, na majibu yawe kwenye mkataba, si kwenye simu:

Asilimia inahesabiwa juu ya bei ipi, ile anayoilipa mwenye mzigo, au ile inayobaki baada ya mtu mwingine kukata? Kampuni hii ina udalali wake, au mwenye kampuni ana hisa kwenye udalali unaotuletea mizigo? Nyongeza ya mafuta, ile pesa mteja anayoongeza kufidia dizeli, nitapewa yote, au nayo inakatwa asilimia? Nikisubiri saa sita ghalani na mteja akalipia kusubiri huko, pesa zinanifikia zote? Je, turubai, kituo cha ziada, mzigo uliofutwa nikiwa nimeshafika?

Kama unalipwa kwa asilimia, sheria ya shirikisho iko upande wako. Kanuni ya 49 CFR 376 inaitaka kampuni ikupe nakala ya ankara ya mzigo yenye bei, kabla ya malipo au wakati wa malipo. Inaweza kuficha jina la mteja, lakini bei haifichwi. Kampuni ikikuambia hiyo ni siri ya biashara, mazungumzo yameisha, funga simu.

Wapo wanaolipa kwa maili. Hapo uliza maili za nani. Kuna maili za njia halisi ya lori, na kuna maili za kitabu zinazopimwa kama njia fupi kutoka posta hadi posta. Tofauti inaweza kufika maili 60 au 70 kwa safari ya elfu moja, na hizo utaziendesha bure. Uliza pia maili tupu zinalipwaje.

Hatua ya tano: linganisha kilichobaki mkononi

Tuchukue wiki moja. Namba hizi nimeziweka mimi kwa mfano, wewe weka za kampuni zako. Mizigo ya wiki imeingiza dola 5,600, ambapo dola 900 ni nyongeza ya mafuta. Umeendesha maili 2,500 zote pamoja.

Kampuni A inakupa asilimia 88 ya kila kitu: dola 4,928. Kisha inakata trela 300, bima ya dhima na ya mzigo 275, bima ya lori lenyewe 110, bima ya kutembea bila mzigo 10, kifaa cha kurekodi saa za kuendesha 15, "ofisi" 50, namba za lori 45, amana (pesa zako ambazo kampuni inazishikilia hadi uondoke) 100. Makato ni 905. Umebaki na 4,023 kabla ya dizeli.

Kampuni B inakupa asilimia 75 tu ya bei ya mzigo, yaani 3,525, na nyongeza ya mafuta yote 900. Jumla 4,425. Trela ni yao, bima ya dhima na ya mzigo ni juu yao, kifaa cha saa hawakitozi. Wanakata bima ya lori 110, ya kutembea bila mzigo 10, namba 45, amana 50. Makato 215. Umebaki na 4,210.

Kampuni ya asilimia 75 imekupita kwa dola 187. Sasa ongeza kadi ya mafuta. Kama B ina punguzo la senti 40 kwa galoni na lori lako linakwenda maili 6.5 kwa galoni, wiki hiyo umetia galoni kama 385 na umeokoa dola 154 nyingine. Hakikisha punguzo lote linakufikia, kwa sababu zipo kampuni zinazokata kipande chake kimyakimya.

Lakini tofauti kubwa inaonekana wiki usiyofanya kazi. Mtoto ameugua, au lori liko gereji. Chini ya B unadaiwa 215. Chini ya A unadaiwa 905, na wiki ya pili 1,810, na unaporudi barabarani mizigo yako ya kwanza inalipa deni la kukaa nyumbani. Nimewaona watu wazima wakirudi barabarani wiki moja baada ya kuzika mzazi kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kwa kila kampuni piga hesabu mbili: wiki nzuri, na wiki ya sifuri.

Hatua ya sita: usome mkataba ukiwa nyumbani

Omba mkataba mzima kwa barua pepe kabla ya kusafiri kwenda kwenye mafunzo yao. Watakuambia utaukuta hukohuko. Kataa. Ukiwa kwenye chumba cha mkutano cha hoteli, umelazwa kwa gharama yao, lori lako limeshabandikwa stika mlangoni, hutasoma kurasa 34. Utatia saini kama sisi wote tulivyotia.

Ukiupata, tafuta mambo haya ambayo 49 CFR 376 inadai yaandikwe.

Malipo yako yawe wazi kwenye mkataba au kiambatisho chake, na uyapate kabla ya safari yoyote. Muda wa kulipwa usizidi siku 15 tangu uwasilishe kumbukumbu za saa na karatasi ambazo kampuni inazihitaji ili ilipwe. Hawaruhusiwi kukuzuilia pesa eti kwa sababu aliyepokea mzigo ameandika dosari kwenye karatasi.

Kila kinachoweza kukatwa kiorodheshwe, na namna kinavyohesabiwa ielezwe. Una haki ya kuona risiti na hati zinazothibitisha kato hilo. Neno "mengineyo" kwenye orodha ya makato ni shimo, waambie walitoe.

Hulazimiki kununua au kukodi kitu kwao, trela, bima au tairi, kama sharti la kuingia mkataba. Ukinunua bima kupitia kwao, una haki ya kupewa nakala yake. Soma hapo utabeba kiasi gani mwenyewe ajali ikitokea. Nimeona mkataba unaomtwika dereva dola 5,000 za kwanza za mzigo ulioharibika na dola 5,000 za kwanza za ajali, zote kwenye tukio moja.

Faini ya uzito kupita kiasi kwenye trela iliyopakiwa na kufungwa lakiri bila wewe kuwepo ni ya kampuni. Wengi wetu tumelipa faini hizo mizani baada ya mizani bila kujua.

Amana nayo. Mkataba utaje kiasi chake, vitu gani vinaweza kukatwa humo, na haki yako ya kudai hesabu wakati wowote. Pesa hizo ni zako, na zinatakiwa kuzaa riba inayolipwa angalau kila miezi mitatu, isiyopungua ile ya hati za hazina ya serikali za siku 91. Ukiondoka, zirudishwe ndani ya siku 45. Mwandikishaji akikuambia "amana yetu haina riba," amekuambia kwamba kampuni yake haifuati kanuni, na amekuambia bila kulazimishwa.

Mwisho angalia kipengele cha migogoro. Mikataba mingi hukutaka uache mahakama uende kwa msuluhishi, tena kwenye jimbo lao. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya dereva Dominic Oliveira dhidi ya New Prime, iliamua kwamba sheria ya shirikisho ya usuluhishi haiwezi kutumika kuwalazimisha madereva wa namna yetu, hata wakiwa wakandarasi huru. Kampuni zimeandika upya vipengele vyao tangu wakati huo, nyingi zikiegemea sheria za majimbo. Kwa hiyo kipengele hicho msomeshe wakili. Saa moja ya wakili wa mambo ya malori ni nafuu kuliko wiki moja ya makato. OOIDA, chama cha wenye malori kilichoanzishwa 1973 na chenye makao Grain Valley, Missouri, kimezifikisha mahakamani kampuni kadhaa kwa mikataba kama hii. Ada yake ya mwaka ni ndogo, jiunge.

Hatua ya saba: tafuta dereva wa kampuni hiyo, si yule waliyekupa wao

Kampuni itakupa namba ya dereva mmoja anayeisifu. Mara nyingi hulipwa kwa kila anayemleta. Mshukuru, halafu nenda kwenye kituo kikubwa cha malori, kama Iowa 80 pale Walcott, utafute jina hilo kwenye milango.

Kampuni niliyo nayo sasa niliipata hivyo. Nilimkuta mzee wa Kitanzania, mtu wa Tanga, anafuta vioo vya lori lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Mombasa wewe, nasikia sauti."

Nilimwambia ninachotafuta. Hakuanza kwa kusifu wala kulalamika. Alifungua simu, akanionyesha karatasi nne za malipo, za wiki nne mfululizo, mojawapo akiwa alikwenda nyumbani siku tano. "Soma mwenyewe," akasema, akarudi kwenye vioo vyake. Nikasoma makato mstari kwa mstari. Kulikuwa na kato moja la dola 38 lisilo na jina. Nikamuuliza. Akasema, "Hilo nililipigia simu Jumatatu, likarudishwa Ijumaa iliyofuata. Geuza ukurasa." Nikageuza, nikaliona limerudi. Kampuni yoyote inakosea, nami nilitaka kujua hii hurekebisha kosa baada ya siku ngapi.

Ukimpata wa kwako muulize haya: Ukikataa mzigo, dispacha anakufanyaje? Wakati fulani jibu ni kwamba hakuna adhabu, ila simu hailii tena siku mbili. Hiyo ni adhabu. Dispacha mmoja ana malori mangapi? Usiku ukiharibikiwa, nani anapokea simu? Umewahi kusukumwa uendeshe saa zako zikiwa zimekwisha? Kanuni za shirikisho zinakataza kampuni kumlazimisha dereva kuvunja sheria ya saa, na malalamiko hupokelewa na FMCSA. Na hili la mwisho: aliyeondoka mara ya mwisho, alirudishiwa amana yake?

Jioni hiyo hiyo niliandika namba za mzee kwenye daftari, na kila moja ilikuja kulingana na niliyoambiwa ofisini. Ingekuwa tofauti, nisingekwenda.

Hatua ya nane: panga kuondoka kabla hujaingia

Muda wa notisi uwe mfupi, siku 30 au pungufu, na uwe sawa kwa pande zote mbili. Nimesoma mkataba uliompa dereva siku 30 na kampuni saa 24.

Namba za lori ni za nani? Kama zimesajiliwa kupitia kampuni, siku ya kuondoka utazirudisha, na lori litakaa bila namba hadi upate nyingine. Ukiweza, zisajili mwenyewe kwenye jimbo lako. Ni pesa nyingi kwa mkupuo, lakini unaweza kuhama kampuni bila kulala yadi.

Kodi ni zako pia. Hutakatwa kodi kwenye malipo, utapewa fomu ya 1099, na kodi ya waliojiajiri ni asilimia 15.3 juu ya kodi ya mapato ya kawaida. Fungua akaunti ya pili benki, uweke humo sehemu ya kila malipo, na ulipe kila robo: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba, 15 Januari. Wenzetu wengi walioacha biashara hii wakidhani kampuni iliwaangusha waliangushwa na barua ya IRS, mamlaka ya kodi, ya mwaka wa pili.

Siku ukiondoka, piga picha mlango wa lori baada ya kubandua stika zenye jina na nambari ya kampuni. Rudisha kifaa cha saa, kadi ya mafuta, stika za IFTA (kodi ya mafuta ya majimbo) na trela, na kwa kila kimoja upewe karatasi yenye saini na tarehe. Trela ipige picha pande zote, matairi yote, na ndani. Tuma barua pepe ukitaja tarehe ya kumaliza mkataba, na kuanzia hapo hesabu siku 45. Siku ya 46, kama amana haijafika wala hujapewa hesabu yake, andika malalamiko FMCSA na umpigie wakili. Sheria inakuruhusu kuishtaki kampuni wewe mwenyewe kwa kuvunja kanuni hizi.

Na ukishatia saini ya kuingia, chukua nakala yako yenye saini za pande zote mbili palepale, kabla ya kutoka chumbani. Nakala moja, au taarifa ya kampuni inayothibitisha mkataba, lazima ikae ndani ya lori, mkaguzi anaweza kuiomba. Nyingine ipige picha uitume kwa mke au mume wako, au ndugu unayemwamini, aiweke pamoja na karatasi za malipo za kila Ijumaa.